Saa Nane kwa Penseli

Hippolyte Mumbere hakupenda nafasi tupu. Katika karakana yake ya useremala pale Nakawa, nyuma ya soko, kila randa ilikuwa na msumari wake ukutani, kila patasi na tundu lake, na chini ya kila msumari alikuwa ameandika kwa penseli jina la kifaa kinachokaa hapo, ili mtu akikiazima asikirudishe, ukuta wenyewe umsute. Mkewe, Mbambu, alimtania kwamba siku akifa atainuka kidogo kukagua kama jeneza limejaa sawasawa. Mumbere alicheka, kisha akaenda kupanga misumari.

Ndiye aliyekabidhiwa kitabu, na kwa kitabu hicho alimuua rafiki yake. Afadhali niseme mapema, maana sipendi masimulizi yanayomficha msomaji maiti hadi ukurasa wa mwisho, kana kwamba ni zawadi.

Kitabu kilikuwa cha safari: kila anayetoka aliandika humo jina, njia na saa ya kurudi. Hapo zamani, Kampala ilikuwa na watu wa ajabu kidogo, makarani wa Kihindi na walimu wa Kizungu, ambao mwisho wa juma badala ya kulala walipanda basi wakaenda kutembea makorongoni na kupiga kafi mitoni, bure bilashi, bila samaki wala mzigo wa kuuza. Walikuwa na chama chao, na mitumbwi miwili ya turubai, mkubwa na mdogo, yenye mbavu za mbao. Mtumbwi ulikunjwa ukaingia katika mifuko miwili, mifuko ikapanda juu ya basi pamoja na kuku na ndizi. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walifukuzwa, Wazungu wakajiondokea wenyewe, na chama kikabaki kwa wale waliokuwa wakiwabebea mizigo na kuwatengenezea vitu: Mumbere, aliyechonga mbavu za mitumbwi, Olanya, mwalimu kijana wa hesabu, na Okullo, sajini wa polisi.

Huyo Okullo alikuwa mtu wa Lango, mrefu, mwenye mabega ya kupasua sare. Kwao jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa karibu na maji, naye alilichukulia kama amri ya mkubwa wa kazi. Wiki nzima alikuwa sajini. Mwisho wa juma alivua usajini akautundika msumarini, akavaa kaptura iliyotoboka, akawa mtu. Mumbere alimpenda kwa ajili hiyo. Mumbere mwenyewe alikuwa amekimbia vita vya kwao Beni, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa sitini na nne akiwa na msumeno mmoja na mke mjamzito, na katika miaka yote ya Uganda hakuna mwingine aliyewahi kumwita nyumbani kula.

Mto wao sitautaja jina, kwa sababu wapo watu wanaoupitia hadi leo. Ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka Nakawa. Unashuka darajani, unafuata korongo. Kiangazi mto hunywea ukabaki michirizi, na korongo likawa jangwa dogo la mawe meupe yanayounguza nyayo, kuta za miamba huku na huku, mijusi wakikutazama kama wenye nyumba. Unabeba mifuko kichwani karibu saa tatu hadi maji yanapopata kina. Hapo unaunganisha mbavu, unavuta turubai, unaingia. Mbele mto unagawanyika penye mafunjo. Mkono wa kushoto ni njia ya kila mtu, unakwenda hadi kwa wavuvi. Mkono wa kulia ukiutazama utadhani umekufa, mafunjo matupu, lakini ukijua mahali pa kuinama na kusukuma, unapita. Unakikuta kichuguu kikubwa kilichozingirwa na maji, halafu cha pili, na nyuma ya cha pili mafunjo yanafunguka na ziwa Kyoga linatanda mbele yako, na ng'ambo ya Kyoga ni Lango.

Mkono ule wa kulia waliujua kwa msiba. Mwaka wa sabini na tatu Olanya alikwenda peke yake. Kitabuni aliandika "kushoto", akaenda kulia, kwa kiburi tu cha ujana, apate kusema amegundua njia. Na penye saa ya kurudi hakuandika kitu. Kwa kuwa hapakuwa na saa, hakuna aliyejua kwamba amechelewa, na hadi Jumanne hakuna aliyeshtuka. Walipoanza kumtafuta walimtafuta kushoto. Walimkuta siku ya tano juu ya kichuguu cha pili, mguu umevunjika, na nzi wameshatangulia. Okullo na Mumbere walimbeba korongo zima bila kusema neno.

Baada ya mazishi Mumbere alichukua kitabu, akaandika kanuni mbili kwenye jalada la ndani, kwa herufi kubwa: USIDANGANYE NJIA. USIACHE SAA WAZI. Mtu akipitisha saa yake kwa saa mbili, kitabu kifunguliwe, akatafutwe, na kituo cha polisi kipewe habari. Bila kitabu, mtumbwi hautoki. Okullo alisoma, akatia sahihi chini yake, kwa wino.

Sasa tuje Februari ya mwaka wa sabini na saba, ile wiki redio ya serikali ilipotangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili wamekufa kwa ajali ya gari, ajali ambayo hata watoto wa shule hawakuiamini. Malori yalikuwa yakiingia kambini yakitoka na Walango, watu wa kwao Okullo, na Waacholi, nao hawakuonekana tena. Nakawa nzima ilijua, na Nakawa nzima ilikuwa ikiulizana bei ya sukari. Mumbere pia alijua, msimtetee. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni alijifunza mapema kujitia hamnazo: mambo ya wenye nchi waachiwe wenye nchi. Isitoshe Okullo alikuwa polisi. Nani atamkamata polisi?

Jumamosi asubuhi Okullo aliingia karakanani na mkoba wa safari. Ndani alikuwepo Koplo Kamis, mwanajeshi, amekaa juu ya gogo akisubiri kiti chake kitiwe mguu.

"Mumbere, mtumbwi kubwa iko tayari?"

"Iko tayari tangu jana. Nilitiamo ubavu moya mupya. Unaenda na nani?"

"Peke yangu. Nataka mwili itoke jasho kidogo."

Kamis alicheka. "Sajini, polisi mzima unaenda kucheza na maji? Mamba atakula wewe na hiyo kofia."

"Mamba ya pale hapana kula polisi, koplo. Inaogopa kesi."

Wote watatu wakacheka, Okullo akizidi kidogo. Kisha akasema, "Leta kitabu niandike."

Aliandika amesimama, kwa kalamu yake ya wino wa bluu ya ofisini, taratibu, kama mtu anayejaza fomu ya mahakama. Kwa kawaida alikiacha kitabu wazi juu ya meza ili Mumbere akague na kutania mwandiko wake. Siku hiyo alikifunga, akakirudisha mwenyewe rafuni, akabaki ameshika jalada.

"Nimeandika ile ya kuandika," alisema. "Ile ingine acha tu, Mumbere. Sawa?"

"Sawa, sawa," Mumbere akajibu, msumari mdomoni, akiwa amemwinamia koplo na kiti chake.

Okullo akamshika mkono, na hakuuachia upesi. Mumbere alifikiri ni furaha ya safari. Akamsaidia kubeba mifuko hadi kituo cha basi, akamkumbusha kwamba askari wa kizuizini wakiuliza mbao ni za nini aseme ni kitanda cha mgonjwa, kama siku zote. Basi likaondoka.

Kamis alipokwisha kwenda na kiti chake, Mumbere alifungua kitabu. Jina: Okullo. Njia: daraja, korongo, mkono wa kulia, kichuguu cha pili. Saa ya kurudi: hakuna. Nafasi nyeupe, safi, inamkodolea macho.

Alitabasamu. "Umuzee huo, amesahau," alijisemea. Halafu tabasamu likamkauka, maana alimkumbuka Olanya na nzi wake. Akatoa penseli bapa ya useremala iliyokaa nyuma ya sikio. Jumatatu Okullo ana zamu. Na Jumapili zote, kwa miaka yote hiyo, Okullo alirudi saa nane, kwa sababu saa nane Rosalba mkewe hupakua malakwang, ile mboga yao chungu ya karanga, na hakuna mto uliowahi kumkosesha. Basi Mumbere akaandika pale penye nafasi: "Jumapili, saa nane." Akapuliza vumbi la penseli. Roho yake ikatulia, kitabu kimekamilika. Usiku huo alilala usingizi mzuri, na huo ndio ulikuwa wa mwisho.

Jumapili saa nane ilifika, Okullo hakufika. Mumbere alikuwa mlangoni tangu saa saba, akijidai anasugua ubao. Saa tisa ikapita. Saa kumi alifunga karakana, akavaa shati la kanisani, akatia kitabu kwapani, akaenda kwanza kwa Rosalba.

Polisi walikaa katika vibanda vya bati vya mviringo, vimebanana hivi kwamba jirani akikohoa wewe ndiye unayejipangusa. Rosalba Alum alikuwa amekaa chini mlangoni, na mke wa polisi wa kibanda cha pili anamsuka nywele. Binti yake, Aber, alikuwa akichambua karanga. Kichwa cha Rosalba kilikuwa kimeshikwa na jirani, hawezi kugeuka, hivyo alisalimia huku akitazama miguu ya Mumbere.

"Karibu, shemeji. Aber, leta kigoda. Chai iko, sukari ndio hakuna."

"Shemeji, Okullo hajarudi."

"Atarudi. Yeye na maji ni ndugu."

"Saa yake imepita."

Mikono ya jirani ilisimama kidogo, ikaendelea. "Saa gani?" Rosalba akauliza.

"Saa nane. Ya leo."

"Leo?" Sauti yake ilipungua. "Nani amesema saa nane?"

"Kitabu inasema."

Mumbere hakusema uongo. Kitabu kilisema hivyo, neno kwa neno. Lakini mimi nimewaza miaka mingi juu ya maneno hayo mawili, na bado yananitia kichefuchefu. Laiti angesema "mimi nimeandika", mama yule angempa jibu jingine, hata kwa kumfinya kwa ukucha. Badala yake Rosalba, kichwa mikononi mwa jirani, alijaribu kuelewa jinsi mumewe aliyemuaga Jumamosi alfajiri kwa machozi, aliyemwambia asimtazamie tena Kampala, ameandika kwamba atarudi kula chakula cha mchana. Labda amebadilisha shauri? Labda kuna jambo ambalo hakumwambia? Na kama aliazimia kurudi, mbona hayupo? Hofu ikamwingia kwa mlango ambao Mumbere ameufungua.

"Ngoja kidogo, shemeji," alisema hatimaye. "Wewe ngoja mpaka kesho jioni. Nakuomba."

"Kesho jioni?" Mumbere alimwonea huruma. Alimwona mwanamke asiyeyajua maji. "Olanya tulimungoja hivyo hivyo."

Rosalba akafumbua mdomo. Jirani akavuta msuko mwingine, akauliza kwa utamu, "Kwani bwana alienda wapi, mama Aber?" Rosalba akaufumba mdomo wake.

Kutoka pale hadi kituo cha Okullo mwenyewe hapakuwa mbali. Mumbere hakwenda kwa askari wasiomjua. Alikwenda kwa wenzake Okullo, watu waliokula naye mshahara mmoja, akiamini watatoa gari na mashua kwa mbio. Hakujua kwamba orodha ya majina ilikuwa imefika pale tangu Ijumaa, na kwamba tangu asubuhi walikuwa wakijiuliza sajini amejificha wapi.

Inspekta wa zamu alimkaribisha kwenye kiti. Alimpa hata soda.

"Ssebo, bwana, umesema Sajini Okullo amepotea?"

"Amechelewa, mukubwa. Sisi iko na kanuni." Akamfungulia kitabu, akamwonyesha kanuni mbili, akamwonyesha ukurasa. Alijisikia vizuri, msikie, alijisikia vizuri kuona mkubwa mzima akisoma kitabu chake kwa makini, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

"Mkono wa kulia. Hii mkono wa kulia ni wapi? Kwa ramani hakuna."

"Hakuna kwa ramani. Ni sisi tu tunajua."

"Kale, sawa. Wewe unaweza kuchora?"

Unamwuliza seremala kama anaweza kuchora! Mumbere alichomoa penseli nyuma ya sikio. Alichora daraja, korongo, mahali pa kuunganishia mtumbwi, mgawanyiko, mafunjo ya kuinama, kichuguu cha kwanza, cha pili. Akaweka vipimo. Aliandika hata hatua za kutoka darajani kwa miguu, na njia ya mkato ya ng'ombe inayofaa Landrova, ili wasichelewe. Ilikuwa kazi safi.

"Nakuja na nyinyi," alisema. "Nitawaonyesha."

"Hapana, ssebo. Wewe umefanya kazi yako. Nchi inataka watu kama wewe." Inspekta akamrudishia kitabu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Mumbere alitoka nje kifua mbele. Kando ya ukuta lilikuwa limesimama gari lisilokuwa la polisi, jipya, halina namba, na vijana wanne wa usalama, waliovaa vizuri, wakikunja mikono ya mashati. Mmoja alikuwa tayari ameshika ile karatasi ya ramani. Aliitambua kwa mbali, mistari yake mwenyewe iliyonyooka. Alisimama barabarani akitaka kurudi, na kila alipoinua mguu hakujua atarudi aseme nini. Atasema karatasi nipeni? Atasema nimekosea njia? Gari likampita, likamtimulia vumbi.

Alfajiri ya Jumatatu alipanda basi la kwanza na mtumbwi mdogo. Kizuizini askari aliuliza mbao za nini, akajibu kitanda cha mgonjwa. Korongo alilimaliza kwa saa mbili badala ya tatu. Mawe yalikuwa yakiwaka. Penye mchanga aliona alama za magurudumu zilizoshuka kwa njia ya ng'ombe, ile aliyoichora yeye, zimefika hadi majini, mahali iliposhushwa mashua, na kugeuka. Aliunganisha mbavu, mara mbili akakosea, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Akaingia, akapiga kafi, akainama penye mafunjo, akapita.

Juu ya kichuguu cha pili palikuwa na majivu na kopo la chai limelala ubavu. Mtumbwi mkubwa ulikuwa umechanwa kwa kisu kuanzia kichwa hadi mkia, mbavu zikitokeza, ule ubavu mpya ukiwa mweupe kuliko mingine. Na buti za Okullo zilikuwa pale, zimevuliwa, zimewekwa pamoja, kamba zimefunguliwa vizuri. Kila mtu wa Kampala wa miaka ile alijua maana ya mtu kuamriwa avue viatu: harudi. Mumbere alikaa karibu nazo, akalia kama mtoto aliyepigwa.

Yapata saa kumi alasiri alisikia maji upande wa ziwa. Mafunjo yakafunguka, ukaingia mtumbwi wa kuvulia, na ndani yake mwanamume mwenye nyavu na kikapu kilichofunikwa. Sura ilikuwa ya Rosalba, imetiwa ndevu. Alimtazama Mumbere, akatazama turubai lililochanika, akatazama buti. Kafi ikabaki hewani.

"Wewe ni seremala," alisema. "Okullo alinisimulia wewe. Mimi Saverio, ndugu ya Rosalba. Yeye iko wapi?"

Mumbere aliinua mkono. Alionyesha majivu.

"Tulipatana leo jioni. Mimi nimewahi hata." Saverio alishuka, akagusa majivu kwa kiganja. Yalikuwa ya baridi. "Siku mbili tu alitakiwa akae hapa. Nyama nimebeba, hii hapa, dada alisema atakuwa na njaa. Usiku huu angelala kwa mama." Akageuka polepole. "Hapa hakuna mtu anajua. Nani amewaonyesha hapa?"

"Sijui," alisema Mumbere.

Hilo lilikuwa neno la aibu kuliko yote aliyowahi kutamka, na lilimtoka kirahisi. Saverio alifungasha buti ndani ya kikapu pamoja na ile nyama, akarudi ziwani. Hakuaga.

Mwili haukupatikana. Miili ya miaka ile mingi haikupatikana, na iliyopatikana iliwapa watu sababu ya kutouliza zaidi.

Alhamisi Rosalba alifukuzwa kibandani kwa barua ya mistari miwili. Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni pa karakana na Aber, fulushi moja kichwani, jingine mgongoni. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu. Upande mmoja jirani hakuumaliza, na yeye hakumwita tena.

Mbambu alimletea maji. Rosalba alimeza funda moja, akasema wanakwenda kwao kwa lori la samaki, Saverio anawasubiri. Akasema anajua ni nani aliyemsaliti mumewe.

"Ni yule koplo. Kamis. Alikuwa amekaa hapa hapa akisikia yote. Majirani wote wanasema. Mungu atamwona yule."

Mumbere aliangalia gogo alilokalia Kamis. Hapo mbele yake ulikuwepo mlango wa kutokea, wazi, mpana, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angemzuia. Angeitikia kwa kichwa tu. Hata kuitikia kusingehitajika. Kukaa kimya kungetosha. Kamis asingepata madhara, nani angemgusa mwanajeshi? Angebeba laana ya mjane mmoja, basi.

"Naomba kitabu, shemeji," Rosalba akasema. "Kuna mwandiko wake wa mwisho. Nataka Aber auone."

Angeweza kusema kimechukuliwa na polisi. Usiku wa Jumanne alikuwa ameushika ukurasa ule tayari kuuchana, akashindwa, si kwa ujasiri, bali kwa sababu kitabu kingebaki na pengo. Ndivyo alivyokuwa. Alikitoa rafuni, akakiweka juu ya meza, akakifungua.

Rosalba alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipitisha kidole juu ya jina la mumewe, wino wa bluu. Juu ya njia, wino wa bluu. Kidole kikafika penye saa, kikasimama. Penseli ya useremala ni nene, mistari yake mipana na ya kijivu, na hata Aber aliyekuwa darasa la tatu aliona.

"Hii si baba," alisema Aber.

Mbambu akaweka kikombe chini.

"Alikuwa ameacha wazi," Rosalba akasema. Hakuwa akiuliza. "Aliniambia: nitamwandikia Mumbere njia ya kweli, nikizama ajue pa kunitoa. Lakini saa sitaandika, yeye mwenyewe ataelewa." Akainua macho. "Nikakuuliza, shemeji. Nilikuuliza mara mbili, saa nane imetoka wapi."

"Ni miye," Mumbere alisema. "Saa ni miye niliandika. Na kwa polisi ni miye nilienda. Ramani nilichora miye. Kamis hana kosa."

Alitazamia kofi, alilitaka kofi hilo kama mgonjwa anavyotaka dawa. Halikuja. Rosalba aliinamia tena ukurasa, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia bei ya karanga.

"Hii nafasi hapa ya mwisho ni ya nini?"

Kila mstari wa kitabu kile uliishia kwenye kisanduku kidogo chenye neno moja juu yake: Amerudi. Mumbere ndiye aliyekuwa akitia alama humo kila Jumapili, Okullo akiwa bado analoa maji pale mlangoni. Kisanduku cha Olanya kilikuwa na msalaba. Cha Okullo kilikuwa cheupe.

"Ya kurudi," alinong'ona.

Rosalba alinyoosha mkono, akaichomoa ile penseli nyuma ya sikio la Mumbere, akamtia mkononi, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Andika na hii basi," alisema. "Wewe si hupendi nafasi wazi?"

Halafu akashusha fulushi, akamvuta Aber karibu, akakaa juu ya lile gogo, akamngoja aandike.